Kumbukumbu ya mradi: ekzosi nimeifungua, sasa kabureta inadai haki yake

Pikipiki ni ya 125 cc, mipigo minne, silinda moja, kabureta ya Mikuni VM22. Ekzosi ya kiwandani ilishaoza kwa ndani, ukiitikisa inalia kama njuga. Badala ya kutafuta nyingine nikaamua kuifungua hiyo hiyo, niibadilishe matumbo, kisha niipange kabureta upya iendane nayo. Kelele siitafuti. Kelele ni kazi ya dakika kumi, ng'oa mkia tu na kila mtu atajua umefika. Ninachotaka ni injini ivute vizuri kwenye mwendo wa kati, kwa sababu huko ndiko inakofanya kazi muda mwingi.

Kabla ya kugusa grenda

Nimepima mwanya wa tapeti za vali (0.08 mm), nimeweka plagi mpya yenye mwanya wa 0.7 mm, nimesafisha chujio la hewa na kuangalia boya kwenye bakuli la kabureta. Moja kati ya hivyo kikiwa kibovu utabadilisha jeti hadi uchoke, na kila jeti itakudanganya kwa namna yake.

Hali ya mwanzo nimeiandika kwenye daftari: jeti kuu (kijitundu kinachopima mafuta) namba 95, klipu inayoshika sindano ya kabureta kwenye mfereji wa 3 kutoka juu, skrubu ya hewa imefunguliwa mzunguko mmoja na nusu. Pia nimebandika tepu nyeupe kwenye mshiko wa mafuta na kuchora mistari ya robo, nusu na robo tatu, halafu alama moja kwenye kikombe kisichozunguka. Inaonekana jambo dogo, lakini bila alama hizo hujui kabisa umevuta mafuta kiasi gani. Mkono huhisi umefika nusu wakati slaidi (kile kipande cha kabureta kinachopanda ukivuta mshiko) ndiyo kwanza imevuka robo.

Ndani ya ekzosi

Nimekata kwenye mshono wa nyuma. Ndani kulikuwa na kuta mbili zinazogawa vyumba vitatu, na vibomba vinavyopeleka moshi mbele, kuurudisha nyuma, kisha kuutoa nje. Ukuta mmoja ulikuwa umeachia, ndiyo ile njuga. Masizi yalikuwa mengi, makavu chumba cha kwanza, na ya chumba cha mwisho yamechanganyika na kutu, maana maji ya moshi hutulia huko kila injini inapozimwa ikiwa bado haijapata moto.

Chumba cha kwanza nimekiacha kama kilivyo. Viwili vya nyuma nimevitoa, nikapitisha bomba moja lenye matundu madogo, upana wake wa ndani sawa na bomba linalotoka kwenye silinda, na kulizungushia pamba ya kioo. Vyumba vya kiwandani huua sauti kwa kuigonganisha yenyewe kwa yenyewe, pamba huimeza. (Vaa glavu na barakoa. Ile pamba ikiingia kwenye ngozi utajikuna hadi kesho. Na kama bomba lako limepakwa zinki, ondoa zinki yote kabla ya kuchomelea, moshi wake ni sumu.)

Kuna msemo unaorudiwa sana kwamba injini inahitaji kuzuiwa moshi kidogo ndipo iwe na nguvu. Siukubali. Injini haina faida na moshi uliokwama. Kinachoipa faida ni mawimbi. Vali ya moshi inapofunguka, wimbi la msukumo hukimbia ndani ya bomba. Likifika mahali bomba linapofunguka kwenye nafasi kubwa, sehemu yake hurudi nyuma ikiwa ni wimbi la kunyonya. Likifika kwenye vali wakati zote mbili, ya moshi na ya kuingiza, ziko wazi, linasaidia kufyonza moshi uliobaki na kukaribisha mchanganyiko mpya. Hili hutokea vizuri kwenye mizunguko fulani tu ya injini, na urefu wa bomba ndio unaoamua ni ipi. Anayekata bomba fupi kabisa anahamisha faida hiyo juu, kwenye mizunguko ambayo injini ya 125 haifiki mara nyingi, halafu analalamika imekosa nguvu chini. Ndiyo sababu sikugusa bomba la mbele wala chumba cha kwanza.

Kuwasha mara ya kwanza

Sauti ni nzito, haikeri. Lakini kabureta ikiwa bado kwenye vipimo vya zamani, dalili zimejitokeza mara moja: nikivuta mafuta kwa ghafla inasita kabla ya kushika, kwenye mafuta yote inachoka mapema, na nikiachia mafuta kwenye mteremko inapasuapasua nyuma.

Kupasua huko ndiko huwakimbiza watu wengi kwenye jeti. Mimi nimeanza na maji ya sabuni. Injini ikiwa ya baridi nimepaka povu kwenye kila kiungo cha ekzosi, nikawasha, na mapovu yakatoka pale bomba linapokutana na silinda. Gasketi ya shaba ilikuwa imebanwa hadi mwisho wake. Kama kuna tundu hapo, hewa ya nje hunyonywa ndani unapoachia mafuta, inakutana na mafuta ambayo hayajaungua na kulipukia kwenye bomba. Gasketi mpya imepunguza mlio huo zaidi ya nusu bila kugusa kabureta.

Jeti kuu

Hapa nitapita haraka. Jeti kuu hutawala kuanzia robo tatu ya mafuta hadi mwisho. Nimejaribu 100, kisha 105. Kipimo ninachokitumia ni hiki: barabara tupu, gia ya juu, mafuta yote, halafu unarudisha mshiko kidogo sana. Injini ikiongeza nguvu badala ya kupungua, jeti ni ndogo. Kwa 100 iliongeza kidogo, kwa 105 haikuongeza, na wala haikuwa nzito, yaani yenye mafuta kupita kiasi. Nimebaki na 105.

Angalizo kwa anayebadilisha: namba za jeti za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita zinahesabu kiasi cha mafuta yanayopita, wakati za Keihin zinafuata upana wa tundu. Namba 105 ya huku si 105 ya kule, hata kama nyuzi zingelingana.

Sindano, na hapa ndipo kazi ilipo

Baada ya jeti kuu, mbio za mwisho zilikaa sawa lakini kule kusita kulibaki vilevile. Ilitarajiwa. Kuanzia robo hadi robo tatu ya mshiko, kinachopima mafuta ni sindano inayoning'inia kwenye slaidi na tundu inamopita. Nimetazama mistari yangu ya tepu kwenye safari za kawaida na mshiko karibu hautoki kwenye eneo hilo. Ukibadilisha jeti kuu ukaishia hapo, umerekebisha sehemu ya kabureta ambayo huitumii sana.

Sindano ina mifereji mitano. Ukishusha klipu, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Nimeshusha hadi wa 4: kusita kumekwisha, inashika mara moja kuanzia robo. Kwa ajili ya kulinganisha nimejaribu na wa 5, ikawa nzito, mlio mzito usio na uhai kwenye nusu ya mafuta, na plagi ikaanza kuvaa masizi makavu. Nimerudi wa 4.

Kusoma plagi nako kuna namna yake. Usiitoe baada ya kurudi taratibu ukiwa umekaa kwenye sailensa (injini ikinguruma bila kuvuta mshiko), maana utakuwa unasoma sailensa. Kimbiza kwenye kiwango unachokichunguza, zima injini na ubane klachi kwa pamoja, simama, fungua. Tazama chini kabisa kwenye shina la kauri, siyo ncha. Pale kuna kijipete cha kahawia hafifu. Kauri ikiwa nyeupe hadi chini bila pete, au ina vipele vidogo vya kung'aa, acha kuikimbiza na uongeze mafuta kwanza.

Skrubu ya hewa na sailensa

Injini ikiwa ya moto, nimezungusha skrubu taratibu hadi mizunguko ilipopanda juu kabisa, kisha nikashusha sailensa hadi takriban 1,400 kwa dakika. Imetulia kwenye mzunguko mmoja na robo. Ingekuwa chini ya nusu mzunguko ningejua jeti ndogo, ile ya mwendo wa chini, haitoshi, ingepita miwili na nusu ningejua ni kubwa mno, kwa hiyo jeti ndogo sijaigusa. Kwenye VM22 skrubu hii iko upande wa chujio na inapima hewa: ukiifunga unaongeza mafuta. Kabureta ambazo skrubu yake iko upande wa injini huwa kinyume chake, basi hakikisha yako ni ipi kabla ya kushika bisibisi. Kupasua kule kulikobaki kumeishia hapa.

Hali ilivyo sasa

Inavuta vizuri zaidi kwenye mwendo wa kati, na mlima niliokuwa nikishusha gia naupanda bila kushusha. Mbio za mwisho zimeongezeka kiasi cha kubishaniwa tu. Inakunywa mafuta kidogo zaidi ya zamani, hilo nililijua tangu mwanzo.

Bado kuna kazi. Kishikio cha nyuma cha ekzosi kinatetemeka kwenye mizunguko ya juu na weldi ile itapasuka nikikiacha, kwa hiyo nitaweka mpira kati yake na fremu. Wavu wa kuzuia cheche nao haujaingia. Wavu unabana njia ya moshi kidogo, kwa hiyo ukishafungwa nitapima jeti kuu upya, huenda 100 ikarudi kazini.