Siku moja maishani mwangu: kiganja juu ya habu

Saa kumi na moja alfajiri. Kitu cha kwanza ninachoshika si ufunguo, ni kartoni. Kila usiku naitandika chini ya gari hapa nyumbani Free Area, Nakuru, na alfajiri naivuta nje niisome kwa tochi. Tone jeusi upande wa mbele ni oili ya injini. Tone la rangi ya asali lenye harufu kali ya kiberiti ni oili ya gia, na mahali lilipoangukia ndipo panaponiambia kama limetoka kwenye giaboksi ndogo (ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), kwenye difu au kwenye gurudumu la mbele. Leo nilikuta matone mawili chini ya giaboksi ndogo, yale yale ya mwezi uliopita. Hayajaongezeka, basi twende.

Gari lenyewe ni Land Rover Defender 110, pikapu ya mwaka 1996, injini ya 300Tdi, dizeli ya silinda 4 yenye ujazo wa cc 2,495. Kazi yake ni kushusha viazi kutoka Mau Narok hadi Nakuru. Nikaangalia oili, maji na mafuta ya breki, nikasubiri taa ya plagi za kupasha izime, injini ikashika mara moja.

Saa kumi na mbili unusu. Njoro tulishaipita, na geti la Chuo Kikuu cha Egerton likawa nyuma yetu. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na huko tunakokwenda ni zaidi ya mita 2,500, kwa hiyo safari nzima ni mlima. Hapo ndipo nilipousikia: mguno mzito upande wa kulia mbele, kama jiwe la kusagia linalozungushwa polepole. Nilimwambia taniboi wangu, kijana anayenisaidia garini, azime redio. Kila kona ya kushoto mguno ulipanda. Kila kona ya kulia ulififia.

Ukikata kushoto, uzito wa gari hulalia magurudumu ya kulia. Mguno wa injini haujali kona. Mguno wa tairi husikika zaidi kwenye lami na kupotea kwenye vumbi. Huu ulitufuata kote kote. Moyoni nikasema: beringi ya gurudumu.

Saa mbili asubuhi, shambani. Kabla ya kumsalimia mtu nilizunguka gari nikiweka kiganja juu ya kila habu, yaani kitovu cha gurudumu. Tatu zilikuwa na joto la kikombe cha chai kilichokwisha kupoa kidogo. Ya kulia mbele niliondoa mkono kabla sijahesabu tatu.

Tukapiga jeki. Nikashika tairi juu na chini, nikalisukuma na kulivuta: likacheza, tena kwa mlio. Nikamwambia kijana akanyage breki na asiachie. Nikalitikisa tena, likatulia tuli. Hiki ni kipimo ninachokiamini kuliko maneno ya mtu yeyote. Breki ikikanyagwa, habu hufungwa pamoja na nakoli, kile kiungo kinachogeuza gurudumu la mbele, basi mchezo ukipotea, ugonjwa uko kwenye beringi. Mchezo ukibaki, tafuta pini za nakoli.

Mama mwenye shamba alikuwa ameshapanga magunia kumi na sita ya viazi aina ya Shangi, kilo 50 kila moja.

"Mwanangu, mbona unapakia manane tu?"

"Nisamehe mama. Gurudumu la mbele linaumwa, na mteremko wote uko mbele yangu."

"Na bei ya leo itanisubiri?"

Sikuwa na jibu la bei. Nilimwahidi kwamba kesho yake saa kumi na mbili ningekuwa pale. Alitazama lile gurudumu lililoning'inia, kisha akasema, "Afadhali ufike." Iliniuma, kwa sababu viazi vilivyokwisha kuchimbwa ni pesa iliyolala juani.

Saa nne. Tukashuka kwa gia ya tatu, mguu mbali na breki kadiri nilivyoweza, tukisimama kila kilomita kumi nipapase. Kituo cha pili habu ilikuwa inatoa harufu ya grisi iliyoungua. Taniboi, kwa nia njema kabisa, akaja mbio na mtungi wa maji. Nilimpigia kelele, kisha nikamwomba radhi na kumweleza. Habu yenye moto ina hewa iliyotanuka ndani yake. Ukiipoza ghafla kwa maji, hewa ile husinyaa na kuvuta maji ndani kupitia oili sili, ule mpira unaozuia grisi isitoke.

Nikiwa bado naeleza, nikakumbuka. Majuma mawili yaliyopita, baada ya mvua, nilishuka mteremko huu huu nikiwa nimejaza, breki zimepata moto, na moja kwa moja nikaingia kwenye mkondo uliofurika hadi juu ya habu. Sikusimama kwanza zipoe. Baada ya hapo sikufungua kitu.

Saa saba mchana. Tulishusha mzigo Soko la Wakulima, tukala githeri wima, kisha dukani kwa vipuri. Nilitaka beringi mbili, ya ndani na ya nje, na sili mpya. Muuzaji aliweka pakiti mbili juu ya kaunta, zote zina namba RTC3429, moja bei yake zaidi ya mara mbili ya nyingine. Ile rahisi niliizungusha kidoleni, ikakwaruza ikiwa bado mpya. Nikalipa ile ghali. Solihull kule Uingereza waliacha kutengeneza Defender hizi Januari 2016, na vipuri bado vipo tele, ila kazi ya kuchagua wametuachia sisi.

Saa nane. Kwenye gereji ya jua kali tukaanza na fundi mzee niliyemzoea. Gurudumu likatoka, kalipa ya breki ikafungwa kwa waya kwenye springi ili isining'inie kwa bomba lake la breki, kisha flanji yenye bolti tano, ile inayozungusha habu. Ndani kuna nati mbili kubwa za spana ya 52, na katikati yake washa, kibati cha duara kilichokunjwa kuzifunga. Kingo za nati zilikuwa na majeraha ya patasi. Mtu fulani, zamani, alizikaza kwa patasi na nyundo. Sipendi kazi hiyo hata kidogo, kwa sababu patasi haiwezi kukuambia umekaza kiasi gani.

Habu ilipochomoka, grisi iliyotoka haikuwa grisi. Ilikuwa ya kijivu cheupe, nyepesi kama uji wa wimbi uliotiwa maziwa mengi. Fundi aliipangusa kwa kidole, akaonyesha rola za beringi ya ndani: rangi ya samawati ya chuma kilichochomwa, na uso wake una vishimo kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui.

"Maji, kijana."

"Maji, mzee. Nayajua nilikoyapata."

Tukapapasa stabu ekseli, ile shina ambayo beringi hukalia, inchi kwa inchi kwa ukucha. Ilikuwa nzima. Siku moja zaidi na ringi ya beringi ingeanza kuzunguka juu yake na kuila.

Vikombe vya zamani, ringi za nje za beringi, vilitolewa kwa nyundo na fimbo ya shaba. Kimoja fundi alikipunguza ukingo kwa greinda na kukitumia kugongea kile kipya, ili kisinase ndani. Grisi niliipakia mwenyewe: unaweka tonge kwenye kiganja, unasukuma beringi juu yake hadi grisi ichomoze upande wa pili, rola kwa rola, bila haraka. Nati tukaikaza huku habu ikizungushwa, tukairudisha kidogo, tukaacha nafasi isiyozidi unene wa karatasi. Washa mpya ikakunjwa.

Saa kumi na moja jioni. Nikaenda nalo hadi Lanet na kurudi. Kimya. Kiganja kikakaa juu ya habu nikahesabu hadi ishirini. Kabla ya giza tukapiga grisi kwenye shafti ya propela, nikalipa, tukaagana.

Saa mbili usiku. Kwenye daftari la gari nimeandika kilomita, beringi ya kulia mbele, sili, washa. Chini yake nimeandika "kushoto", kwa sababu habu ya kushoto ilipita maji yale yale, na Jumamosi naifungua hata kama haijaguna. Nimempigia simu mama mwenye shamba, magunia manane yamefunikwa kwa turubai. Kartoni mpya nimeshaitandika.