Daftari la akina mama wa Byculla

Mapema mwaka 2004 sisi tunaokaa kando ya reli Kibera tulipata notisi: aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye njia ya treni, kushoto au kulia, aondoke. Ukizipima mita 30 Kibera unazoa soko, kanisa, shule na mlango wangu. Tulipiga kelele, notisi ikasimamishwa. Katika kutafuta njia nyingine, Muungano wa Wanavijiji, umoja wetu wa wakaazi wa mitaa ya mabanda, ukapanga safari ya Mumbai, India: maofisa wa serikali, wenye nyumba, na sisi wapangaji tuliobanwa mkiani.

Treni za Mumbai hubeba mamilioni ya watu kila siku, wengine wakining'inia milangoni. Vibanda vilikuwa vimesogea hadi karibu na vyuma, na penye vibanda dereva alilazimika kupunguza mwendo hadi kilomita 15 kwa saa. Mji mzima ukawa unachelewa kazini. Kwa hiyo maskini wa huko walikuwa na turufu mkononi: bila wao kukubali kuhama, treni hazikimbii. Si kwamba walibembelezwa. Mwaka 2000 walibomolewa vibanda kama 2,000 kwa mpigo. Lakini baada ya hapo mazungumzo yakashika kasi, na watu zaidi ya 60,000 wakahamishiwa kwenye magorofa. Treni yetu ya Kibera ilipita mara chache, na hakuna waziri aliyechelewa ofisini kwa sababu yangu. Jambo hilo maofisa wetu hawakuligusa hata kidogo.

Nililolifuata mimi nililikuta Byculla, mtaa wa Mumbai, kwa wanawake wanaoishi kando ya barabara, kwenye njia ya wapita kwa miguu. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya India ilisema kwamba riziki ni sehemu ya haki ya kuishi, kisha hukumu hiyohiyo ikairuhusu manispaa iwaondoe, ila mvua zikishapita. Haki nusu, nusu tingatinga. Wanawake hao walikuwa wamejipanga katika Mahila Milan, chama chao, wakiweka akiba ya sarafu kila siku na kujihesabu wenyewe.

Mama mmoja mzee, sari imefungwa juu kama mtu anayetaka kudeki, alitukalisha chini ya rafu ya sufuria zilizong'arishwa hadi unajiona. Akatoa daftari kubwa lenye jalada lililoliwa pembe. Kila ukurasa kibanda kimoja: namba ya mlango, nani analala humo, kazi yao, wamefika lini, na picha ya familia nzima imesimama mbele ya mlango wao. Alipitisha kidole kwenye namba, akasema jambo, kijana akatutafsiria: "Manispaa wakija na orodha yao, sisi tunaleta yetu. Zikipingana, tunatembea nao mlango kwa mlango."

Ofisa mmoja wa kwetu akauliza nani aliwapa idhini ya kuhesabu. Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa nani amempa idhini ya kupika.

Kesho yake tukapelekwa Mankhurd, pembezoni mwa mji, kwenye magorofa mapya. Chumba kilikuwa cha mita za mraba 21 hivi, bomba ndani, choo ndani. Nilifurahi, sikatai. Ila ukichungulia dirishani, jengo la pili lilikuwa karibu mno, na wanawake wakasema waliokuwa wakifanya kazi za ndani mjini sasa wanaacha nauli nyingi njiani.

Ugomvi ulianzia kwenye basi. Huko wengi walimiliki vibanda walivyolala. Kibera wengi tunapanga, na mwenye nyumba anaweza kuwa anaishi mbali kabisa. Mwenye nyumba aliyekaa mbele yangu akageuka: "Mama, mabati ni yangu. Nyumba ikitolewa, inatolewa kwangu." Nikamjibu, "Mzee, na treni ikiacha njia, inamlalia nani?" Maofisa wakajifanya wanatazama nje.

Baadaye tulipohesabu kando ya reli, tulianza na rangi na brashi, namba kwenye kila mlango. Mwenye nyumba wangu alikuja mbio akitaka jina lake liandikwe kwenye milango yake yote. Tuliliandika kwenye safu ya mmiliki. Kwenye safu ya mkaazi tukaandika anayelala ndani. Mwezi uliofuata kodi yangu ikapanda.