Mikono bado inaniuma
Wiki nzima nimeshinda nikikandamiza kifua cha mdoli wa mafunzo, nikijifunza kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, na lazima ukiache kifua kirudi juu kabla ya kukandamiza tena. Baada ya dakika 2 jasho linatiririka, nampisha mwenzangu.

Lakini kilichonigusa hasa ni somo la wazee na wagonjwa wa kisukari. Mshtuko wa moyo kwao huweza kuja bila maumivu ya kifua kabisa. Pengine ni kuhema, kichefuchefu au uchovu tu. Nilimkumbuka bibi yangu. Alisema, "Nimechoka tu, wajukuu zangu," nasi tukamwacha alale.

Sasa mzee akiniambia amechoka, napiga magoti, namshika mkono, namuuliza taratibu, kisha namwekea kipimo cha umeme wa moyo.