Kabla hujailaani bima ya moto ya Japani, wapeleke watoto makumbusho ya zimamoto, Yotsuya

Bili ya bima ya moto imeingia tena, imeambatanishwa na karatasi za kuhuisha mkataba wa nyumba. Yen 20,000 kwa miaka miwili, karibu laki tano za Uganda, kwa vyumba viwili ambavyo havijawahi kuunguza hata pazia. Juu yake kuna ile ada ya kuhuisha mkataba, ambayo hapa Tokyo mara nyingi ni kodi ya mwezi mzima, wala hupati hata bati jipya. Kireka au Nansana, pembezoni mwa Kampala, mtu akikudai laki tano kwa ajili ya moto ambao haujawaka, utamwombea. Huku unalipa na kusema asante.

Basi kila msimu wa mikataba Waganda wa huku wananung'unika, na wapo wanaotafuta njia ya kuikwepa. Ndugu zangu mnaopanga kuja, msiikwepe. Sheria ya huku ya mwaka 1899 inasema moto uliotokea kwa bahati mbaya ukaruka hadi kwa jirani, jirani hawezi kukudai, ila kama ulizembea kupita kiasi. Inasikika kama neema, sivyo? Maana yake ni kwamba hata jirani akikuunguzia vitu vyako vyote, humdai. Kila mtu na bima yake. Na mwenye nyumba yuko nje ya neema hiyo, kwa sababu mkataba unakutaka umrudishie chumba kama ulivyokipokea. Moto wa kikaango ukila jiko na dari, deni ni lako. Kwenye bima yako kuna kipengele kinachomlipa yeye. Hakikisha kipo kabla hujasaini, maana hicho ndicho hasa unachonunua.

Mji wenye sheria ya namna hiyo ni mji ulioungua sana. Kuona uliunguaje hakuna kiingilio: Makumbusho ya Zimamoto ya Tokyo, Yotsuya, wilaya ya Shinjuku, yaliyofunguliwa mwaka 1992 na kuendeshwa na idara ya zimamoto yenyewe. Panda treni ya chini ya ardhi, laini ya Marunouchi, shuka Yotsuya-sanchome, fuata njia ya kutokea namba 2. Mlango wa makumbusho uko palepale, hata mwavuli huhitaji. Nauli inaanzia yen 180, mtoto wa shule ya msingi nusu yake, na walio chini ya miaka sita hupita bure, wawili kwa kila mtu mzima. Hufunguliwa saa 3:30 asubuhi hadi saa 11:00 jioni. Jumatatu hufungwa, na Jumatatu ikiwa sikukuu hufungwa kesho yake. Familia nyingi hukwama hapo. Jumamosi na Jumapili nenda mlango ukifunguliwa tu. Siku za kazi asubuhi utakuta wanafunzi wa shule wamepanga mstari wa makofia ya njano.

Chini kabisa kuna magari ya zamani, likiwemo Ahrens-Fox la Marekani lenye tufe kubwa linalong'aa juu ya pampu ya mbele. Watoto hulipita wakidhani ni pambo. Wasimamishe hapo. Pampu ya pistoni husukuma maji kwa mikupuo, na hewa iliyofungwa ndani ya lile tufe hubanwa kila mkupuo na kuachia taratibu, ndipo maji yanatoka kwenye mpira kwa mkondo ulionyooka badala ya kutapika. Mtoto aliyewahi kushika mpira wa kumwagilia bustani ataelewa haraka kuliko baba yake.

Ghorofa ya tatu ndiyo ya kushika kwa mikono. Kuna sare za zimamoto za saizi ya watoto wadogo, kuna vifaa vya kuchezea na maonyesho ya nyumba inayoshika moto hadi magari yanapofika. Wazazi wengi humvalisha mtoto koti, wanapiga picha, wanaondoka. Hasara tupu. Mwambie mtoto avae mwenyewe huku ukihesabu: suruali na viatu kwanza, kisha koti, kola juu, kofia mwisho. Halafu mweleze kwamba mtu mzima wa kazi hiyo akiongeza mtungi wa hewa mgongoni hubeba kilo kama 20, na hewa yenyewe katika kazi nzito haifiki hata nusu saa. Hapo ndipo umwambie jambo ambalo watoto wengi hawaambiwi: mzimamoto aliyevaa barakoa ya hewa anatisha, anapumua kwa kishindo, na mtoto mdogo akimwona ndani ya moshi hujificha chini ya kitanda. Kwa hiyo amtazame vizuri akiwa salama, amzoee, ajue kwamba yule ndiye wa kumkimbilia.

Helikopta iko ghorofa ya tano, nje kwenye kibaraza, na wanaruhusiwa kukaa ndani. Ipo nje, basi angalia hali ya hewa kabla hujawaahidi watoto chochote. Ndani ya ghorofa hiyohiyo kuna enzi za Edo, jina la Tokyo ya kale, na hapo ndipo mtu mzima anapaswa kukaa zaidi. Mwaka 1657 mji huo wa mbao na karatasi uliteketea sehemu kubwa. Makadirio ya waliokufa hufika 100,000. Mwaka 1720 serikali ikaunda vikundi vya zimamoto vya raia mtaa kwa mtaa. Hawakuwa na maji ya kutosha, kwa hiyo kazi yao kubwa ilikuwa kubomoa: walikwenda upande unakoelekea upepo, wakazivuta chini kwa kulabu nyumba ambazo bado hazijashika, ili moto ufike patupu ukose chakula. Mmoja alipanda paa akiwa na mlingoti wa kikundi, akaonyesha mwisho wa moto ni hapa. Ukiangalia zile kulabu ukakumbuka vibanda vya soko la Owino, Kampala, lililoungua Februari 2009, vilivyogusana bega kwa bega, utajua walichokuwa wakikitafuta: nafasi tupu.

Ghorofa ya nne inafika enzi za karibu zaidi, na tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923 lina nafasi yake katika historia hiyo. Lilipiga dakika mbili kabla ya saa sita mchana, majiko yote yakiwa yamewashwa kwa chakula. Waliokufa na kupotea ni kama 105,000, na wengi waliuawa na moto, si kuta. Ndiyo maana mtoto wa chekechea wa huku hufundishwa mambo manne ya kutoka darasani: usisukume, usikimbie, usiongee, usirudi nyuma. Hilo la mwisho ndilo gumu kwetu. Mganda hurudi kuchukua simu, godoro, na ile bahasha ya vyeti.

Watoto wenye umri wa shule wanafaidi zaidi ukiongeza kituo cha mafunzo cha idara hiyohiyo, kama kile cha Ikebukuro, kilicho ndani ya jengo la zimamoto karibu na stesheni. Ziara nayo ni bure, ila weka nafasi mapema. Huko wanaingia chumba cha moshi usiodhuru. Moshi wa kweli hupanda mita 3 hadi 5 kwa sekunde na husambaa pembeni nusu mita hadi mita moja, kwa hiyo hewa ya mwisho kuharibika ni ya sakafuni. Mwendo ni huu: inama hadi magoti, kitambaa puani na mdomoni, mkono mmoja unaufuata ukuta na hauuachi, na kabla ya kufungua mlango uguse kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, usiufungue. Kosa la watoto karibu wote ni kusimama wima wanapouona mlango. Hapohapo kwenye mlango moshi ndio mwingi.

Wanafundishwa pia kizimamoto, chenye maji badala ya unga, moto ukiwa kwenye skrini. Vuta pini. Toa mpira, ushike nchani, si katikati. Bana. Watu wazima hubana kabla ya kuvuta pini, halafu wanasema kibovu. Wengine hulenga ndimi za moto. Lenga shina lake, ukifagia kushoto na kulia. Kile cha nyumbani cha unga wa kilo 3 hutoa kama sekunde 15 tu, kutoka mita 3 hadi 6, kwa hiyo anza ukiwa umeupa mlango mgongo, na moto ukishagusa dari usijaribu, toka nje ufunge mlango nyuma yako.

Nanyi mnaokuja, haya ya nyumbani msisubiri kuambiwa na wakala. Jiko la gesi la huku lina kidude katikati ya kila kichwa kinachogusa kitako cha sufuria, ni sharti tangu 2008, nacho hupunguza moto chenyewe joto likikaribia nyuzi 250. Kwa hiyo ukikaanga karanga kavu au nsenene, jiko litakufia mkononi, utatukana. Usikikwangue wala kukibandika chochote: mafuta ya kukaangia hushika moto yenyewe yakifika kama nyuzi 360, na maji juu ya mafuta hayo ni mlipuko. Zima gesi, funika. Alamu ya moshi darini ni sharti la sheria vyumbani, betri yake hudumu miaka kama kumi; usiivishe mfuko wa plastiki kwa sababu unapika samaki, washa feni ya jikoni. Kwenye roshani, ule ubao mwembamba unaokutenga na jirani umewekwa ili uvunjwe kwa teke moto ukiziba mlango. Ukisharundika pale masanduku ya kupeleka Entebbe Desemba, umeifunga njia ya familia mbili. Heta ya mafuta ya taa nyumba nyingi za kupanga zinaikataza. Hata pale inaporuhusiwa, usianike nepi juu yake. Namba ni 119, na swali la kwanza ni moto au mgonjwa. Mfundishe mtoto kusema "kaji desu", yaani ni moto, kisha anwani. Anwani kwa Kijapani, aikariri kama jina lake.

Huku nao walichelewa kusikia, tusiwatukuze. Mwaka 2001 jengo dogo la Kabukicho, Shinjuku hiyohiyo ya makumbusho, liliwaka usiku na kuua watu 44. Ngazi moja, nayo imejazwa bidhaa. Sheria ilikazwa baada ya vifo, kama kawaida ya dunia. Sasa afisa akikuta katoni kwenye ngazi anaandika amri. Nitajie jengo la Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, ambalo ngazi yake haina katoni.

Kinachouma ni kwamba karibu hakuna kitu katika mafunzo yale kinachodai pesa za Japani. Makerere tuliangalia jengo kuu likiteketea Septemba 2020, tukaambiana ni jengo tu. Bweni la shule ya Budo Junior lilipoungua Aprili 2008, walioteketea walikuwa watoto, hawakuwa jengo. Oktoba 2022 watu 11 walikufa katika shule ya wasioona ya Salama, Mukono. Na bado mabweni yana vitanda vya deka tatu na vyuma vya madirisha vilivyochomelewa moja kwa moja ukutani, kwa sababu tunamwogopa mwizi anayekuja kila wiki kuliko moto unaokuja mara moja. Ukikumbuka zile mita za moshi, mtoto wa deka ya juu ndiye anayelala ndani ya moshi kwanza.

Mnaotuma ada mkiwa ughaibuni, au mnaorudi siku ya kutembelea watoto, mbali na kuku na soda kagueni bweni. Milango iwe miwili, kwenye pande mbili tofauti, ifunguke kwenda nje, maana watoto 40 wakiusukuma mlango unaofunguka ndani wanaufunga wenyewe. Angalau dirisha moja la kila upande liwe na vyuma vya bawaba vinavyofunguka kwa komeo la ndani bila ufunguo. Mchomeleaji wa mtaani huifanya kazi hiyo kwa nusu siku. Mwambie mtoto ahesabu vitanda kutoka chake hadi mlangoni, kisha atembee akiwa amefumba macho, mkono ukutani. Namba za zimamoto, 999 na 112, ziandikwe mahali zinapoonekana, na awepo mtu mwenye simu yenye chaji usiku. Halafu mwulize matroni, kwa heshima, ufunguo wa bweni uko wapi sasa hivi. Akianza kupapasa mifuko, ingia kwa mwalimu mkuu kabla hujapanda boda.