Mazoezi ya mvivu ughaibuni

Kila Januari wenzangu kazini hujiunga na jimu. Ikifika Machi benki bado inawakata ada, na raba zimeshatulia chini ya kitanda. Mimi humo sijaingia. Si kwamba nina nidhamu kuwazidi, najijua tu. Kazi yangu ni ya zamu, wiki hii usiku, ijayo alfajiri, na mpango wowote unaonidai saa maalumu haufiki mbali.

Kwa hiyo mazoezi nimeyachomeka kwenye safari. Nashuka kwenye basi mapema, namalizia kwa miguu, mwendo ambao naweza kuongea ila kuimba siwezi. Hicho ndicho kipimo cha mwendo wa wastani, wala hakihitaji saa ya bei mbaya. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za namna hiyo kwa wiki, na mwongozo wake wa 2020 uliondoa lile sharti la kila kipande kufika dakika 10. Maana yake hata ngazi za ghorofani, na mifuko ya sokoni mikononi, zimo kwenye hesabu. Zile hatua 10,000 tunazotambiana? Zilianzia kwenye jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965.

Misuli nayo inataka siku mbili kwa wiki. Maji ya chai yakiwa jikoni, naegemea ukingo wa kabati napiga pushapu za kusimama, kisha nachuchumaa na kuinuka mpaka birika lilie.

Kalori sihesabu. Siku ya mapumziko napika sufuria moja kubwa, nagawa kwenye vikopo, naviweka friza. Mtu aliyetoka zamu ya usiku hapiki, jamani. Anakula kilicho karibu. Basi kilicho karibu kiwe nilichopika mwenyewe nikiwa na akili timamu. Soda sinunui, maana ikilala ndani nitainywa.

Nisichofanyia uvivu ni vitamini D. Sisi wa ngozi nyeusi tunahitaji jua zaidi ili mwili uitengeneze, na jua la kipupwe katika nchi za kaskazini haliwatoshi hata wenyeji. Kidonge nakiweka pembeni ya mswaki. Nawe unayeumwa mifupa kila Desemba na kusingizia baridi, mwombe daktari akupime damu.