Siku moja mezani: saa ya mchezo inayohesabu kurudi nyuma

Saa 2 asubuhi. Leo naunda saa ya mpira wa kikapu, na kabla ya kugusa chipu yoyote, naandika kanuni za mchezo. Mpira wa kikapu kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, una robo nne za dakika 10, na katika dakika ya mwisho ya kila robo saa huonyesha sehemu za kumi za sekunde. Kwa hiyo tarakimu ni tano: mbili za dakika, mbili za sekunde, moja ya sehemu za kumi. Filimbi ikilia, saa inasimama, na kusimama huko ndiko kunakoamua muundo mzima. Ukizuia mapigo ya sekunde moja yasifike kwenye vihesabu huku chanzo kikiendelea kupiga, kila kusimama kunaweza kukupotosha kwa karibu sekunde nzima.

Saa 3. Chanzo cha mapigo. 555, chipu ya kupima muda kwa rezista na kapasita, haifai hapa: ikipotoka 1% tu, dakika 10 zinakosea sekunde 6. Kristali ya 32.768 kHz ni tulivu, lakini 32,768 haigawanyiki kwa 10, nami nahitaji sehemu za kumi za sekunde. Nachukua ya 4.096 MHz. 74HC4060, chipu ya kugawa mapigo, inaigawa kwa 4,096, na pini ya 1 inatoa 1,000 Hz kamili. CD4060 ya zamani haiaminiki kwa kasi hiyo ikiwa kwenye volti 5. Kristali yenye kosa la 20 kwa milioni inapotoka milisekunde 12 kwa robo nzima.

Geti la kuanza na kusimama, yaani mlango wa kuruhusu au kuzuia mapigo, linakaa hapa hapa kwenye 1,000 Hz, na baada yake 74HC390, kigawanyi kingine, inagawa kwa 100 na kutoa mapigo 10 kwa sekunde. Saa ikisimamishwa, 74HC390 inaganda na kibaki chake, kisha inaendelea kutoka pale pale.

Saa 5. Vihesabu ni 74HC192 tano, moja kwa kila tarakimu. Mapigo yanaingia pini ya 4, ya kuhesabu kushuka. Pini ya 5, ya kuhesabu kupanda, hufungwa kwenye volti 5, maana ikiachwa wazi tarakimu zinarukaruka ovyo. Pini ya 13, ya kukopa, inakwenda pini ya 4 ya kihesabu kinachofuata.

Ugumu uko kwenye makumi ya sekunde. Kikishuka chini ya 0 kihesabu kinaonyesha 9, nasi tunataka 5, kwani baada ya 3:00 ni 2:59. Kihesabu hutoa namba yake kwa waya nne, Q0 hadi Q3, zenye thamani 1, 2, 4 na 8. Naunganisha Q0 na Q3 kwenye geti la NAND, ambalo hushuka pale tu zote mbili zikiwa juu: 9 ikitokea, geti linashusha pini ya 11 na kupakia 5, ambayo imeshafungwa (pini 15 na 10 juu, 1 na 9 ardhini). Lakini Q3 ikishuka kabla Q2 haijapanda, pigo la kupakia linakatika na unabaki na 1. Saa inaruka kutoka 3:00 hadi 2:19, mara moja moja tu, na watu hulaumu chipu nzima. Rezista ya 1 kΩ na kapasita ya 1 nF, zikifuatwa na mageti mawili ya kugeuza ishara ya 74HC14, hurefusha pigo hilo vya kutosha.

Kuanza robo mpya, kitufe kimoja kinafuta sekunde, sehemu za kumi na 74HC390 kwa pamoja, huku dakika zikipakiwa kutoka kwenye swichi.

Saa 7 mchana. Vitufe viwili, kimoja cha kuanza na kingine cha kusimamisha, kwenye lachi ya NAND, saketi inayokumbuka amri ya mwisho. Kitufe kikidunda, yaani kikigusa na kuachia mara kumi kwa mbonyezo mmoja, hakuna kinachoharibika, kwa sababu amri inayorudiwa haibadilishi kitu. Kitufe kimoja cha kazi zote mbili sikitaki kabisa. Kihesabu cha mwisho kikitaka kukopa, muda umeisha: pini yake ya 13 inazima lachi na kuamsha honi. 555 ya pigo moja, yenye 180 kΩ na 10 µF, inailiza kwa sekunde 2 hivi.

Saa 9 alasiri. Taa. Tarakimu kubwa huwa na LED kadhaa mfululizo kwa kila kimoja cha vipande saba vya tarakimu. Zikihitaji volti 8, umeme wa volti 5 hauziwashi. CD4511, inayogeuza namba kuwa vipande vya kuwashwa, inaendesha ULN2003, chipu ya swichi za transista, na LED zinapata volti 12. LED zinakula volti 8 na ULN2003 volti 1, zinabaki 3. Kwa mA 20 rezista ni 150 Ω. Tarakimu zote tano zikionyesha 8, vipande 35 vinawaka, ni mA 700.

Honi ina waya zake kutoka kwenye adapta, na relei yake, swichi ya sumaku inayoiwasha, ina diodi ya 1N4007 ya kumeza mshtuko wa umeme inapozimwa. Bila hivyo honi ikilia vihesabu vinajifuta. Kila chipu ipate kapasita ya 100 nF karibu kabisa na pini ya umeme.

Saa 11 jioni. Jaribio. Nahesabu mapigo yanayopita getini tangu kuanza hadi honi, huku nikisimamisha na kuanzisha saa ovyo ovyo. Yanatakiwa 600,000. Yakitofautiana kidogo, kitufe kinakata pigo katikati: kipande kilichobaki kinahesabiwa na chipu moja, nyingine haikioni. Dawa ni 74HC74, chipu inayoshika hali ya lachi hadi pigo liiruhusu kubadilika, kati ya lachi na geti, ibadilike pale tu 1,000 Hz inaposhuka, na pini yake ya kufuta iungwe moja kwa moja na ishara ya muda kuisha, la sivyo pigo moja la ziada hupita.