Kisutu cha nyanya hakina jina

Kwa miaka mingi nilikula kwa majahazi. Jahazi na machweo, jahazi na mnazi, jahazi na mnazi na machweo. Mchoraji wa Mombasa ukitaka kulipa kodi ndiyo kazi hiyo, na watalii hawajaichoka. Siku niliyomwambia mwenye duka aliyekuwa akinunua picha zangu kwamba nataka kuchora sanaa dhahania, picha zisizo na umbo la kitu, kutokana na leso za nyanya yangu, alifikiri kidogo akasema, "Sawa, lakini mtie na ngamia."

Mwengine, aliyesomea sanaa ng'ambo, alinishauri nifumbe macho nimwage rangi, hisia zitakuja zenyewe. Nilimwaga. Zilizokuja ni hasara ya makopo mawili na doa sakafuni ambalo mwenye nyumba hulitaja kila akija kuchukua kodi.

Nyanya alipofariki aliacha sanduku zima. Leso nyingi zina yale maandishi madogo ya "Mali ya Abdulla", duka la Biashara Street lililoanza mwaka 1887, na majina, yale maneno ya mafumbo yanayochapwa kwenye leso, ambayo mengine yalimlenga jirani mmoja tu. Wanawake wa ukoo waligawana. Mimi nikaangukiwa na doti ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, nguo ya arusi, kwa kuwa kilikuwa kimepauka mno na hakuna aliyekitaka. Hata hivyo mama mdogo alinikabidhi kwa masharti: "Hii ni amana, mwanangu."

Kwanza niliiga nakshi zake, nukta kwa nukta, pindo na mji, yaani ile sehemu ya katikati. Nikapata kitambaa cha meza.

Jaribio la pili ndilo naona haya kulisimulia. Nilikata ile doti, nikachukua kipande kimoja nikakigandisha ubaoni kwa gundi nyeupe ya maseremala, nia yangu nipake rangi juu yake. Kilikaa vizuri wiki nzima, nami nikajisifu barazani. Kumbe masika yanakuja. Wekundu ulichuja ukaingia kwenye weupe, gundi ikavuta unyevu, na katikati ya mji ikaota kuvu ya kijani yenye harufu ya samaki wa juzi. Mama mdogo aliingia bila hodi. Alitazama ubao, akanitazama mimi, akakaa kitako. "Umemzika mama mara ya pili," akasema. Kisha akaichukua ile nusu nyengine, akaikunjua: "Na doti umeiacha mjane."

Nilimwomba aniachie ile mjane miezi michache. Sijui kwa nini alikubali.

Niliitandika kitandani, na kwa mara ya kwanza sikuangalia nakshi, niliangalia kupauka kwake. Mahali palipokuwa juu ya kamba ya kuanikia palikuwa pameliwa na jua hadi kuwa rangi ya maji ya ukwaju. Ndani ya mikunjo wekundu ulikuwa bado mbichi. Ncha moja ya chini ilikuwa na mikunyanzi na rangi nzito kupita kwengine kote. Miaka yote ya nyanya ilikuwa pale, na haikuwa na umbo la kitu chochote. Nikasema, hii ndiyo picha.

Turubai la dukani ni ghali, kwa hiyo natumia marekani, ile nguo ya pamba isiyopaushwa ambayo wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakiileta pwani karne ya 19. Pamoja na mbao na fundi wa fremu, picha moja hainizidi elfu tatu, nne hivi. Ichemshe kwanza itoke wanga. Na usiipake rangi ya chini! Kila mtu atakwambia upake. Ukipaka, rangi inakaa juu juu, na mimi nataka izame.

Naigawa kwa chaki vipande sita, vitatu kwa viwili, maana hivyo ndivyo wanawake walivyoziunga zile leso za Kireno, vitambaa vya mkononi, kabla ya wafanyabiashara kuanza kuzichapa zikiwa nguo moja. Namwaga akriliki iliyozimuliwa maji, kisha naikunja ikiwa mbichi vile vile nyanya alivyokunja: mara mbili, mara mbili tena, halafu ncha inaviringishwa ndani. Juu yake naweka sufuria la pilau la jirani, nimelijaza maji. Naacha juani. Rangi inakimbilia kwenye mikunjo, inajikusanya pale, kwengine inabaki kivuli tu.

Jua likiwa kali, saa moja na nusu inatosha. Siku ya kwanza niliitega, nikaenda kuswali adhuhuri, nikapitia kahawa, kukawa na ubishi wa mpira. Niliporudi nilikuwa na tofali la nguo. Bado linazuia mlango wangu usipigwe na upepo.

Picha tisa zilifaulu. Nilizitundika kwenye ukumbi mdogo Mji wa Kale, tatu zikanunuliwa. Wageni waliofahamu sanaa walizungumza sana kuhusu mistari. Mama mdogo alikuja Ijumaa baada ya alasiri, akapita picha moja moja bila neno, mpaka ile kubwa nyekundu. Akainua kidole akagusa pembe ya chini, penye rangi nzito.

"Hapa ndipo alipokuwa akifunga pesa zake," akasema.

Nilikuwa nimeichora ncha ile bila kujua kwa nini ilikuwa vile. Fundo lile halikuona jua miaka yote.

Kijana wa ukumbi akamwuliza kama anataka kujua jina la picha, maana sikuwa nimebandika. Alimkata jicho. "Kisutu cha mama hakina jina."

Kisha akanigeukia akanidai amana yake. Nimeipeleka jana, imefuliwa. Jirani naye ameanza kuuliza sufuria lake.